Ulinganisho: AV, 720p, 1080i au dikoda mpya? TV ya inchi 32 na dishi (Arusha/Moshi)

Binti_wa_Njiro:
Wakuu habari za jioni. Naomba tulinganishe hapa maana kila fundi ninayemuuliza ana lake.

Nina TV bapa ya inchi 32, used, na dikoda ya dishi yenye HDMI na AV. Nikitumia AV (zile pini tatu: njano, nyeupe, nyekundu) picha inatoka ila ina ukungu, na maandishi yanayopita chini wakati wa taarifa ya habari unayasoma kwa kukisia. Nikihamia HDMI (waya mmoja wa dijitali), kwenye viwango vya ukali wa picha 576i inatoka, 720p inatoka, 1080i inatoka. Nikiweka 1080p skrini nyeusi, TV inadai haipati kitu. Fundi mmoja anasema dikoda imekufa ninunue nyingine. Wa pili anasema TV. Wa tatu anataka kupanda juu ya bati kugeuza dishi.

Baba naye yuko Moshi, ana dikoda kama hii kwenye TV ya chogo. Kwake picha imekuwa nyeusi na nyeupe tangu mjukuu alipochezea rimoti.

Kati ya kubaki na AV, HDMI ya 720p, HDMI ya 1080i, au kununua dikoda mpya, nyie mngechagua ipi? Hela ipo ila si ya kuchezea.

Chalii_Ngarenaro:
Oya dada weka 1080p, ndo kubwa. Ikigoma nunua waya mpya wa HDMI. Mada ifungwe.

Fundi_Sakina:
Mada isifungwe kwanza, chalii.

Dada, dishi litoe kwenye hesabu. Mawimbi ya dijitali yakiwa dhaifu hayaleti ukungu. Yanaleta vipande vya mraba, picha inaganda, sauti inakatikakatika, mwisho inaandika hakuna signali. Enzi za antena ya analojia, kabla mitambo haijazimwa huku kwetu mwaka 2013, mawimbi dhaifu yalileta chenga na ukungu, ndiyo maana mafundi wengi mpaka leo wakisikia picha mbaya wanauliza ngazi iko wapi. Kama chaneli zako hazigandi, tatizo liko sebuleni.

AV nayo ina ukomo wake. Ile pini ya njano inabeba picha ya 576i, basi. Chaneli iwe HD namna gani, dikoda uwe umeinunua laki ngapi, ikipita kwenye njano inashushwa mpaka mistari 576, tena mwanga na rangi vimesongamana kwenye waya mmoja. Maandishi yako yanafia hapo. Kwa TV bapa yenye tundu la HDMI sioni sababu ya kubaki na AV.

Sasa hiyo 1080p. TV nyingi za inchi 32, hasa hizi used, kioo chake kina pikseli (vidoti vinavyounda picha) 1366 kwa 768. Picha ya 1080 ina 1920 kwa 1080. Nyingi za kundi hilo zinapokea 720p na 1080i lakini 1080p haziijui kabisa, zinakuonyesha weusi. Kwa hiyo dikoda haijafa, imetoa ilichoagizwa, TV ndiyo haijaelewa. Soma kibandiko cha mbele au cha nyuma ya TV. Kama kimeandikwa HD Ready bila neno Full HD, jibu umelipata.

Chalii_Ngarenaro:
Sasa mbona ya bro wangu ni inchi 32 na inakula 1080p freshi?

Fundi_Sakina:
Zipo inchi 32 zenye 1920 kwa 1080. Na zipo za 768 zinazopokea 1080p halafu zinaipunguza zenyewe kimyakimya. Inchi ni ukubwa wa kioo tu, pikseli ni habari nyingine.

Kibanda_Pasua:
Nina kibanda umiza hapa Pasua, Moshi. Hili la 720p na 1080i ndilo linalonilisha, ngoja niseme.

720p inatoa picha nzima 50 kila sekunde, kila moja 1280 kwa 720. 1080i inatoa nusu-picha 50: inatuma mistari ya witiri, halafu ya shufwa, kila nusu mistari 540, na TV ndiyo inaziunga. Ukizidisha, 720p ni kama pikseli milioni 46 kwa sekunde, 1080i ni kama milioni 52. Tofauti ndogo mno. Kwa hiyo msibishane kuhusu namba, ulizeni nani anaunga vizuri.

TV ya bei ya chini inaunga ovyo. Mtangazaji wa habari amekaa kimya kwenye kiti, picha safi. Winga akianza kukimbia, kingo za jezi zinaota meno kama kitana na mistari ya uwanja inatetemeka. Kwenye TV hiyohiyo ukiweka 720p mpira unateleza vizuri. Nina TV nyingine mpya zaidi, Full HD, na hapo 1080i inaishinda 720p wazi: nyasi unaziona, namba mgongoni unaisoma kutoka benchi la nyuma. Kwa hiyo mtu akikwambia moja ni bora kuliko nyingine bila kuuliza TV yako ni ipi, huyo anauza kitu.

Na projekta ndio kabisa muwe macho. Boksi linaandika 1080p kwa maandishi makubwa, ukisoma karatasi ya ndani kwa herufi za sisimizi unakuta pikseli zake halisi ni 800 kwa 600. Inapokea 1080p, haionyeshi 1080p. Siku ya Simba na Yanga sina muda wa majaribio, projekta inakaa 720p na wateja wanalalamikia joto tu.

Mama_Kiborloni:
Nyie mnahesabu pikseli, kuna ambao shida yetu ni watu wanene. Kwenye dikoda kuna setingi ya umbo la skrini, 4:3 au 16:9. TV bapa ni 16:9. Dikoda ikibaki 4:3 huku TV inavuta picha ijae, kila mtangazaji anaonekana kala sikukuu mwaka mzima. Weka 16:9 kwenye dikoda, halafu TV uizuie isivute tena.

Pia kama matokeo ya mechi kwenye kona yanakatwa nusu, hiyo si rezolusheni (wingi wa pikseli). TV inakuza picha kidogo na kumeza kingo. Kwenye menyu ya ukubwa wa picha tafuta ile isiyokuza chochote.

Binti_wa_Njiro:
Asanteni sana. Kibandiko ni HD Ready. Nimelinganisha kwa mechi: 1080i ina yale meno, 720p imetulia, na maandishi ya chini sasa nayasoma nikiwa mlangoni. Dikoda mpya sinunui.

Mawili yamebaki. Kuna chaneli chache za hapa nchini ambazo hata kwa HDMI ya 720p zina ukungu, wakati za mpira ni safi. Na muuza duka ananishawishi waya wa HDMI wa mita 10 wenye pini za rangi ya dhahabu.

Fundi_Sakina:
Hizo chaneli zinarushwa 576i tokea huko zinakotoka. Setingi haiwezi kuongeza kilichokuwa hakipo, inakuza tu, na kilichokuzwa kinalainika. Dikoda nyingine zina chaguo la kutoa picha kama ilivyorushwa, TV ifanye ukuzaji yenyewe. TV nzuri inakuza vizuri kuliko dikoda, lakini utavumilia skrini kuwa nyeusi kidogo kila ukihama kati ya chaneli ya HD na isiyo HD. Mimi kwa TV yako ningebaki 720p na amani.

Waya: dikoda yako iko chini ya TV, mita moja na nusu inatosha. 720p na 1080i zina mzigo sawa kwenye waya wa HDMI, 1080p ya 50Hz (picha nzima 50 kwa sekunde) ni mara mbili yake. Ndiyo maana waya mrefu au uliochoka unaweza kupitisha 1080i vizuri, ukiweka 1080p unaona vidoa vyeupe vinametameta au picha inapotea na kurudi. Hapo chalii alikuwa na hoja, ila si kwa kesi hii. Dhahabu ya pini haiongezi pikseli hata moja.

Mwalimu_Marangu:
Binti, wengine wamekujibu wewe, mimi nimjibu mzee wa Moshi.

Nyeusi na nyeupe kwenye TV ya chogo, mara nyingi dikoda imehamishwa kutoka PAL kwenda NTSC, ambayo ni mifumo miwili tofauti ya kubeba rangi za TV. Tanzania tunatumia PAL, na TV nyingi za chogo zilizouzwa huku hazisomi rangi za NTSC. Nyingine picha inapanda na kushuka. Aingie kwenye menyu, sehemu ya mfumo wa TV, achague PAL, na umbo aweke 4:3. Kama menyu inamshinda, rimoti nyingi zina kitufe kilichoandikwa V.Format. Kila ukikibonyeza kinaruka hatua moja, hivyo abonyeze mara moja, asubiri sekunde kadhaa, ndipo abonyeze tena. Wengi wanabonyeza mfululizo wanaipita ile sahihi. Kitufe hichohicho kinamtoa mtu kwenye weusi wa 1080p. Kisipokuwepo, chomeka AV, dikoda nyingi zinaendelea kutoa picha huko hata HDMI ikiwa imegoma.

Na asimruhusu mtu kugusa dishi lake. Kama linatazama setilaiti za nyuzi 36 mashariki (kwa longitudo), huku kwetu ziko karibu utosini, kwa sababu Arusha na Moshi zenyewe ziko nyuzi 36 na 37 hivi. Migomba ya jirani haiwezi kuziziba. La nyuzi 7 mashariki ndilo linaloinamia magharibi, hilo mti ukikua mbele yake litasumbua, lakini litasumbua kwa kugandisha picha, rangi haitaondoka.

Binti_wa_Njiro:
Shikamoo mwalimu. Nimempigia, V.Format ipo, rangi zimerudi. Anauliza anunue kile kiboksi cha kugeuza HDMI kwenda AV ili apate HD kwenye chogo?

Mwalimu_Marangu:
Marahaba. Asinunue. Kiboksi kile kinaishia kwenye pini zilezile tatu, 576i ileile, na dikoda yake tayari ina AV. Kinamfaa mwenye kifaa chenye HDMI peke yake.

Mama_Kiborloni:
Haya yote yanahusu na dikoda za antena au za dishi tu?

Fundi_Sakina:
Kuanzia HDMI kwenda kwenye TV ni yaleyale, mama. Nyuma ya dikoda ndiyo tofauti, antena inatazama mnara.