Goita kubwa na hakuna mashine ya kufuatilia neva: mnaanzia wapi kuitafuta rikarenti?

Kisu_Kidogo:
Wakuu, habari za kazi. Goita zinazofika kwetu zimekaa miaka, lobu moja sawa na ngumi, na chini imezama nyuma ya kidari. Mashine ya kufuatilia neva hatuna. Kwenye lobu ndogo sina shida: naigeuza kuelekea katikati, natafuta ateri ya chini ya thairoidi, na neva (rikarenti, inayoendesha nyuzi za sauti) naikuta kwenye mfereji kati ya trakea (bomba la hewa) na umio. Kwenye goita kubwa lobu haigeuki, na kadiri ninavyovuta ndivyo ninavyozidi kuogopa. Mnaanzia wapi? Na je, ni lazima niione, au inatosha kukata nikiwa nimeng'ang'ania kapsuli (ganda la tezi)?

Fundi_Shingo:
Iione. Lahey, mpasuaji wa Marekani, alishatetea kuitafuta na kuifuata neva tangu 1938, na mashine haikuondoa wajibu huo.

Kwa goita kubwa anza juu. Kata msuli wa sternothairoidi karibu na unapojishikiza juu, upate nafasi. Fungua upenyo usio na damu kati ya ncha ya juu ya lobu na msuli wa krikothairoidi, kisha funga mishipa ya damu ya juu mmoja mmoja, chini kabisa kwenye kapsuli. Usiikumbatie yote kwa foseps moja, maana tawi la nje la neva ya juu ya zoloto hupita hapo hapo, na kwenye goita kubwa hushuka hadi chini ya ncha ya lobu. Likikatika mgonjwa hakwami sauti, anapoteza sauti ya juu. Mwadhini au mwimbaji wa taarabu ataligundua kabla yako.

Ncha ikishalegea, papasa pembe ya chini ya gegedu la thairoidi. Rikarenti inaingia kwenye zoloto hapo nyuma yake, chini ya ukingo wa msuli wa konstrikta wa koromeo. Goita isogeze kila kitu, mahali hapo hapasogei sana. Ukiipata, ifuate kushuka. Utaijua: uzi mweupe wa milimita 2 hivi, haudundi, mara nyingi una kimshipa chembamba chekundu mgongoni.

Kidole cha kung'oa sehemu iliyozama kifuani kiingie mwisho, neva ikishatenganishwa. Wakati mwingine neva imetandazwa mbele ya goita, na ukichokoa kwa kidole unaichana bila kuona chochote.

Ateri ya chini usiiamini peke yake: neva hupita mbele yake, nyuma yake au katikati ya matawi yake. Kulia inakuja kwa mshazari zaidi kwa sababu inazunguka ateri ya subklavia. Kushoto inazunguka upinde wa aota na kupanda karibu wima. Tena kulia, kwa wagonjwa wachache (karibu 1 katika 100), haizunguki kabisa: inatoka kwenye vagasi (neva mama yake, inayoshuka shingoni) moja kwa moja kuelekea zoloto. Ukikuta kamba inayokatiza kutoka upande wa karotidi, usiikate mpaka uijue. CT ikionyesha subklavia ya kulia inapita nyuma ya umio, jiandae.

Koo_na_Sikio:
Naongezea pale kwenye ligamenti ya Berry. Neva zinazoumia nyingi hazikatwi, zinavutwa. Ligamenti ya Berry imeigandisha tezi kwenye trakea, neva iko milimita chache tu pembeni, na msaidizi akivuta lobu kwenda katikati neva inapinda kama hema juu ya kigingi. Kwa macho inabaki nzima, ila nyuzi za sauti zimelala. Mwambie msaidizi alegeze mkono kila unapokata hapo.

Pakitoka damu, usibane kwa kubahatisha. Kandamiza kwa shashi yenye maji dakika kadhaa, kisha funga kwa uzi mwembamba, saizi 4-0. Dayathemi (kifaa cha umeme cha kuunguza mishipa) ya ncha moja kaa nayo mbali kabisa. Vifaa vya kukata kwa mtetemo viache angalau milimita 3 hadi 5, na kumbuka ule mdomo unabaki wa moto baada ya kuzima: uguse kwenye shashi yenye maji kabla ya kusogelea neva. Na ikigawanyika kabla ya kuingia, linda matawi yote. Lile la mbele ndilo kwa kawaida linalobeba kazi ya kuendesha nyuzi za sauti.

Kabla ya yote, angalia nyuzi za sauti kwa skopu, hata kama mgonjwa anaongea vizuri. Uzi mmoja unaweza kuwa umepooza na sauti ikawa ya kawaida. Ukiharibu upande uliobaki, unampasulia koo kwa ajili ya hewa (trakeostomi).

Zamu_ya_Usingizi:
Tahadhari moja kutoka upande wetu. Kuna wanaochukua kipimo chetu cha ulegevu wa misuli na kuigusa neva nacho. Msifanye hivyo. Kile kinatoa makumi ya miliampia, neva inahitaji 0.5 hadi 1. Mkipata kichokoo cha neva cha upasuaji, mpasuaji aweke kidole nyuma ya gegedu la krikoidi na kuhisi zoloto linavyoruka. Sisi tutoe suksamethoniamu (dawa ya kulegeza misuli kwa muda mfupi) ya kuingiza bomba tu, hakuna dawa ndefu ya kulegeza baada ya hapo, la sivyo neva nzima itaonekana imekufa.

Kisu_Kidogo:
Nimeelewa, asanteni. Na kama upande wa kwanza una mashaka?

Fundi_Shingo:
Kama si saratani, simama hapo. Acha upande wa pili, mwamshe, mpime kwa skopu. Neva iliyovutwa mara nyingi hurudi ndani ya wiki hadi miezi 6, na lobu iliyobaki itasubiri. Zikipooza zote mbili, mtazijua kwa mkoromo wa kuvuta hewa muda mfupi baada ya kutoa bomba. Seti ya trakeostomi iwe mezani kabla hamjalitoa.