Adajio ya Schubert: mwendo gani?

Swali: Wakuu, tunapiga Adajio (sehemu ya polepole) ya kwinteti ya Schubert (namba D. 956, 1828), ya wapigaji watano wa ala za nyuzi, selo zikiwa mbili. Tukienda polepole wimbo unakatika. Tuweke mwendo gani?

Jibu: Mkuu, kipimo ni 12/8. Kwenye mazoezi msihesabu mapigo manne, hesabuni noti za nane zote 12, metronomu (kipima mwendo) 84 hivi kwa dakika. Wimbo unakatika kwa sababu wale watatu wa kati (vayolini ya pili, viola na selo ya kwanza) wanaishiwa upinde. Waubanie, na wageuze mwelekeo wa upinde kwa zamu, kamwe si pamoja. Selo ya pili inayodonoa nyuzi ndiyo saa yenu.

Jibu: Naongezea. Ufunguo wa E meja wa mwanzo ni utulivu mtupu. Kisha trili (noti mbili jirani zikipishana haraka) inapanda nusu toni hadi F maina, dhoruba kweli! E meja ikirudi, noti ndogondogo za selo ya pili zipigwe chinichini, zisifunike wimbo.