Ukaguzi wa Marekani kabla ya kupanda ndege: sheria inadai nini hasa?

Msomasheria
Habari wakuu. Nafuatilia sheria za Marekani kuhusu kukagua abiria wakiwa bado ng'ambo. Kwenye maandishi naona ESTA (ruhusa ya kusafiri inayoombwa mtandaoni), naona maafisa washauri wa Marekani wanaokaa viwanja vya ndege vya nje, naona na ule ukaguzi kamili wa Dublin na Abu Dhabi. Je, yote ni kitu kimoja? Na serikali ikitaka kufungua kituo kipya, Bunge lao linaibana kwa masharti gani?

Kanuni273
Si kitu kimoja mkuu, na wengi huchanganya hapo. Tofautisha kwa kuuliza nani ana mamlaka ya kufanya nini.

ESTA ilitokana na sheria ya 2007 na ikawa ya lazima Januari 2009. Inawahusu raia wa nchi zisizohitaji viza tu, na ni ruhusa ya kusafiri, si ya kuingia. Taarifa za tikiti nazo huanza kuchujwa siku kadhaa kabla ya ndege kuondoka.

Maafisa washauri walianza kwa majaribio Amsterdam mwaka 2004. Hawa hawana mamlaka ya kukamata mtu wala kumzuia. Wanaliambia shirika la ndege, "huyu akifika Marekani atakataliwa," basi. Uamuzi ni wa shirika, ila shirika gani litapuuza? Kifungu cha 273 cha sheria yao ya uhamiaji kinataja faini ya dola 3,000 kwa kila abiria aliyepelekwa bila hati halali, na kiasi hicho hupandishwa kufuata mfumuko wa bei. Ukikataliwa kaunta, jua anayekukatalia kisheria ni shirika.

Ukaguzi kamili ndio wenye meno. Afisa wa forodha na mipaka wa Marekani, akiwa na sare yake, anakukagua uhamiaji, forodha na mazao ya kilimo hukohuko ng'ambo. Ndege ikitua, unatoka kama abiria wa ndani. Ulianzia Toronto mwaka 1952, na leo upo Kanada, Ireland, Bahamas, Bermuda, Aruba na Abu Dhabi.

Mpakani
Naongezea kuhusu masharti, maana ndipo penye utamu.

Sheria ya msingi ni ile ya uwezeshaji wa biashara aliyotia saini Obama tarehe 24 Februari 2016. Ndani yake mna sehemu nzima ya ukaguzi wa awali. Siku 60 kabla ya mkataba na nchi mwenyeji kuanza kufanya kazi, Bunge lazima lipewe nakala yake pamoja na maelezo: faida ya kiusalama ni ipi, maafisa watatoka wapi, na foleni za viwanja vya Marekani kwenyewe zitaathirika vipi. Hili la mwisho si dogo. Afisa aliyepelekwa nje ni dirisha moja limefungwa nyumbani, kama hajaajiriwa mwingine.

Kisha linakuja sharti la kisiasa: angalau shirika moja la abiria la Marekani liwe linafanya kazi katika uwanja huo. Hili lina historia. Kituo cha Abu Dhabi kilipofunguliwa Januari 2014, hakukuwa na shirika la Marekani lililoruka kutoka pale kwenda kwao, na mashirika yao yalilalamika kwamba serikali inampa mshindani upendeleo.

Sharti linaloangusha nchi kimyakimya ni la pasipoti. Nchi mwenyeji lazima iwe inapeleka Interpol mara kwa mara taarifa za pasipoti zilizopotea na kuibwa, au iipe Marekani taarifa hizo kwa njia nyingine inayolingana. Bila hivyo mkataba hautiwi saini wala hauhuishwi. Tena ukaguzi wa usalama wa uwanja usipolingana na viwango vya Marekani, abiria na mizigo hukaguliwa upya kabla ya kuunganisha ndege huko, na faida yote ya kutua kama abiria wa ndani inapotea.

Msomasheria
Nimeelewa. Sasa mwenye viza au ESTA anaweza kukataliwa Dublin? Na akikataliwa?

Kanuni273
Anaweza. Tofauti ni kwamba bado yuko Ireland, chini ya sheria ya Ireland ya 2009. Hapandi ndege, hapelekwi mbele ya jaji wa uhamiaji wa Marekani, na hawezi kuomba hifadhi pale kwa sababu hajakanyaga ardhi ya Marekani. Anaweza kuondoa ombi lake na kugeuka. Kanada nako, chini ya sheria yao iliyoanza kutumika Agosti 2019, msafiri anaruhusiwa kujiondoa, ila afisa anaweza kumhoji kwa nini.

Na kupita pale hakumfungi mkono afisa wa Marekani. Wakiona haja watakukagua tena ukitua.

Mpakani
Kwa anayeunganisha ndege: kinachowachelewesha wengi ni mzigo. Afisa huweza kutaka mzigo wako usomwe kwanza kwenye mfumo, au uutambue kwa picha. Kama bado unatoka ndege ya kwanza, unasubiri. Ongeza na ukaguzi wa pili wa usalama kabla ya kumfikia afisa. Usikate tikiti yenye muda mfupi wa kuunganisha eti kwa sababu tovuti imekuruhusu. Matunda na nyama kula au acha kabla ya foleni, na hakikisha jina la tikiti linafanana na la pasipoti, hasa wenye majina matatu.