Tupeane uzoefu: mwanao ameshawahi kupata "rafiki" wa ajabu mtandaoni?

Baba Junia: Wakuu, leo kikao cha wazazi mwalimu wa TEHAMA kauliza nani anajua paswedi ya simu anayochezea mwanae. Mikono michache. Mzee mmoja nyuma akajibu "yangu anaijua yeye kunishinda", ukumbi ukavunjika mbavu. Nyie mnawafundishaje?

mama_mapacha: Umenitonesha mkuu. Binti yangu wa darasa la sita alikuwa anacheza gemu kwenye simu ya dada wa kazi, mle ndani kuna sehemu ya kuchati, akapata shoga anajiita msichana wa Mwanza, naye la sita, naye hapendi hisabati, kila kitu sawasawa. Akawa anamrushia almasi za gemu bure. Wakahamia WhatsApp. Kwanza kaomba picha akiwa na yunifomu eti alinganishe na ya kwao, halafu mama anarudi kazini saa ngapi, halafu "hii siri yetu, ukisema watakunyang'anya simu". Mtoto alipogoma kutuma picha nyingine lugha ikabadilika, nawatumia hizi chati baba yako na mwalimu mkuu, shule naijua. Na kweli anaijua, nembo si iko kifuani! Mie nikaona mtoto hali chakula, chooni anaenda na simu. Usiku nikaikuta chini ya mto, mwanga umeshushwa mpaka mwisho, namba kaiseivu "Tr Hisabati". Nikapiga. Ikapokea sauti ya mwanaume mzima, "mambo baby". Miguu iliniisha nguvu nikakaa hapohapo sakafuni.

Kipanga: Daah.

Mzee wa Busati: Simu kwa mtoto ya nini? Sisi tulicheza kombolela mpaka magharibi.

mama_mapacha: Nimeandika simu ya DADA WA KAZI. Soma kwanza baba.

Mzee wa Busati: Nimesoma. Fimbo nne tu angesema mapema.

Mwl Chaki: Mzee unaharibu. Huyo jamaa anaitegemea hiyo hiyo fimbo yako, mtoto akijua nyumbani kuna kipigo atamtii yeye. Mimi darasani nikisema "mtandao ni hatari" wanasinzia, kwa hiyo nawasomea meseji, wao wanasema huyu anataka nini. Wanashika haraka mno, "ile hela tuma kwenye namba hii" wote wanaijua toka nyumbani. Wala haihitaji kompyuta, zetu zenyewe watoto wanne mashine moja.

Shangazi Online: Walimu nanyi! Mahafali mmeposti watoto na majina kamili na darasa.

Mwl Chaki: Na keki ya bethdei yenye jina la shule kwenye status yako kaiweka nani?

Shangazi Online: Usinijue 😂

Kipanga: Mama, bloku, futa kila kitu, badili laini, yaishe.

Wakili Uchwara: USIFUTE. Skrinshoti za chati, namba, jina la akaunti, halafu Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo toka 2015. Ila picha za mtoto usizirushe kwenye magrupu eti mumtambue mhalifu, hapo unamuumiza mara ya pili na kesi inakugeukia wewe.

Wa Mombasa: Pigeni 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Huku Kenya ni namba hiyohiyo.

mama_mapacha: Nilienda. Afande wa kike akaongea na binti pembeni bila mimi, akatoa mengi ambayo kwangu alimeza. Laini ikakutwa imesajiliwa kwa bibi mmoja kijijini, hata meseji hajui kuandika. Bado wanafuatilia.

Wakili Uchwara: Ndio zao hizo. Kila mtu apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA.

Baba Junia: Nimepiga. Nina laini ya mtandao ambao sijawahi kuutumia toka nizaliwe!!

Mzee wa Busati: Hiyo nyota kwenye kitochi iko wapi?

Kipanga: Kushoto kwa sifuri mzee, bonyeza taratibu.