Kovu la Upasuaji na Mtoto wa Pili: Gumzo la Kikundi cha Ukoo

Zuhura: Shikamooni wazee wangu. Mimi na mume wangu tumekubaliana nilifikishe jambo hili hapa, kwa kuwa maneno yamekwisha kuwafikia wengi wenu kwa njia za pembeni. Ni miaka 4 tangu nijifungue kwa upasuaji, na kwa zaidi ya mwaka mmoja tunatafuta mtoto wa pili bila mafanikio. Ninaambiwa kwamba kisu kimekifunga kizazi. Shangazi Rehema, wewe uliyekuwa mkunga, je, hilo linawezekana?

Bi Mwanaidi: Mkwe wangu, mimi ni mmoja wa waliosema, wala sikusema kwa ubaya. Yupo bibi jirani yetu anayekanda matumbo na kutoa dawa ya kuweka ndani ili kusafisha kizazi. Ningependa uende kwake.

Shangazi Rehema: Marahaba, mwanangu. Wifi yangu Mwanaidi, nakusihi tuliache hilo la dawa ya kuweka ndani, kwa maana maambukizi ni adui mkubwa zaidi wa mirija ya uzazi, ile inayopitisha yai, kuliko kisu chenyewe.

Zuhura, wengi waliojifungua kwa upasuaji hushika mimba tena bila taabu. Daktari hukata ukuta wa kizazi kwa mlalo, sehemu ya chini, kisha akaushona. Pengine kidonda hakiungani sawasawa, kikaacha kishimo upande wa ndani, na damu ya hedhi ikawa inalala humo na kuvuja polepole baada ya siku za kawaida kwisha. Damu hiyo huweza kuuharibu ute unaopitisha mbegu, na kwa baadhi ya wanawake majimaji hupanda hadi mahali ambapo mimba ingejishikiza.

Hilo ni tofauti na kuta za ndani kugandana, tatizo ambalo daktari Joseph Asherman alilieleza mwaka 1948 na ambalo limebaki na jina lake. Mara nyingi huja baada ya kizazi kukwanguliwa, hasa mabaki ya kondo yanapoondolewa wiki chache baada ya uzazi. Hapo hedhi hupungua mno au hukatika, na wengine huumwa tumbo kila mwezi bila kuona damu. Sasa niambie: hedhi yako ikoje, na uliwahi kusafishwa?

Zuhura: Sikusafishwa, Shangazi. Hedhi hutoka siku 4 kama zamani, lakini baada yake huona matone ya rangi ya kahawia kwa karibu wiki nzima. Tena, wiki ya pili baada ya upasuaji nilipata homa na uchafu wenye harufu, nikachomwa sindano hospitalini.

Shangazi Rehema: Basi kuta kugandana sikufikirii sana. Matone hayo yananifanya nishuku kishimo, na ile homa inanifanya nitake mirija ipigwe picha.

Mjomba Salum: Ultrasaundi ya juu ya tumbo haitoshi? Nauliza kwa sababu ya gharama.

Shangazi Rehema: Kaka, ya juu ya tumbo inaweza kukipita kishimo bila kukiona. Inayofaa ni ile ya kupitia ukeni, na huonyesha vizuri zaidi maji ya chumvi yakiingizwa kwanza ndani ya kizazi. Mirija ina kipimo chake cha eksirei, HSG. Kishimo kikionekana, daktari atapima unene wa ukuta uliobaki: ukiwa chini ya milimita 3, wengi huogopa kukirekebisha kwa kamera inayopitia shingo ya kizazi, kwa kuwa kibofu kiko karibu mno, na hupendelea kukishona kupitia tumboni. Wala si kila kishimo kinahitaji kushonwa. Na mimba ikiingia, Zuhura, usisubiri kliniki ya miezi minne. Fanya ultrasaundi kwenye wiki ya 6 au ya 7, maana mimba inaweza kujishikiza kwenye kovu lenyewe, na hiyo ni hatari kwa maisha.

Bi Mwanaidi: Nimekuelewa, wifi, na habari ya yule bibi nimeiacha. Lakini nimeona umemwandikia Idrisa faraghani akapimwe. Mwanangu ana mtoto tayari, apimwe nini?

Shangazi Rehema: Mtoto huyo ni ushahidi wa miaka 4 iliyopita, wifi. Mbegu za mwanamume hubadilika kwa maradhi, dawa, sigara na umri, na kipimo chake ni chepesi kuliko vyote nilivyotaja. Sitakubali Zuhura aingizwe kamera kabla ya hicho.

Idrisa: Mama, nitakwenda, wala sioni aibu. Shangazi, kuna maandalizi yoyote?

Shangazi Rehema: Msikutane kwa siku 2 hadi 7 kabla ya kipimo. Ukitolea nyumbani, tumia kikopo cha maabara na si kondomu, kiweke karibu na mwili kisipate baridi, na kifike maabara ndani ya saa 1.

Idrisa: Nitakwenda Jumatatu asubuhi.