Naomba ushauri: "long in the tooth" tuiwekeje kwa Kiswahili?

Habari zenu wapenda lugha. Natafsiri nahau za Kiingereza zenye meno. "By the skin of my teeth", ya Ayubu 19:20, haikusumbua: kuponea chupuchupu. Iliyonikwamisha ni "long in the tooth", yaani mtu amezeeka. Asili yake farasi: akizeeka ufizi hurudi nyuma, jino likaonekana refu, mnunuzi akakisia umri. Nimejaribu "amekula chumvi nyingi", lakini hiyo ina heshima, na ya Kiingereza humbeza mtu kidogo, kwamba umri umempita kwa shughuli fulani. "Zee" nalo ni tusi kabisa.

Je, kuna msemo wa katikati, hata wa pwani? Na "wisdom tooth", kwa msomaji wa kawaida, niandike gego la mwisho au jino la hekima?