Wakuu, hivi mbwa anahukumiwa kwa sura? Naombeni ushauri wa haraka

Mgosi_Baridini: Habari za jioni wakuu. Niko Leicester, Uingereza. Nina mbwa anaitwa Chapati, mpole kuliko nusu ya watu ninaofanya nao kazi. Sheria ya hapa inasema aina yake ni hatari. Aina yake, siyo yeye. Hivi ni haki serikali kumpiga marufuku mnyama kwa umbo? Na kuna njia ya kupinga? Mwenye nyumba kashaanza maneno, sina muda. Wenye matusi wapite kimya.

Kiparo: Aina gani? Umeandika kila kitu isipokuwa hicho.

Mgosi_Baridini: Mchanganyiko tu mkuu. Mkubwa kiasi.

MamaNassor: Mwanangu, mbwa wa kulinda mali na wa kuwinda tumeruhusiwa. Huyo wa kukaa naye kwenye kochi mnatazama mpira, malaika wa rehema atapita mlango gani? Fuga paka. Paka hana sheria.

Chogo_wa_Tabata: Mama kamaliza. Kwetu Tabata kulikuwa na geti limeandikwa MBWA MKALI kwa rangi nyekundu, nimelipita kwa mbio utoto wangu wote. Siku moja geti liko wazi, nachungulia, namkuta koko mmoja kakonda, anapiga miayo. Mkali alikuwa mwenye nyumba.

Kiparo: Mleta uzi, aina.

Mgosi_Baridini: XL Bully. Haya, mmeridhika? Nilijua nikitaja tu mtaacha kusoma.

DktMifugo: Ungeanza na hilo tungeokoa muda. XL Bully aliingizwa kwenye Sheria ya Mbwa Hatari ya 1991 tarehe 31 Oktoba 2023. Tangu 31 Desemba 2023 kumuuza, kumzalisha, kumgawa bure au kumtelekeza ni kosa, na nje atembee kwa kamba akiwa kafungwa mdomo. Tangu 1 Februari 2024, kwa England na Wales, kukaa naye bila cheti cha msamaha ni kosa: hadi miezi 6 jela, au faini isiyo na kikomo, au vyote viwili. Hawapimi damu, wanapima umbo. Dume kuanzia sentimita 51 begani, jike 48, kisha wanaangalia kichwa, kifua na mengineyo. Ukibisha kwamba siye, kuthibitisha ni kazi yako. Cheti unacho?

Mgosi_Baridini: Cheti kipo. Kahasiwa, ana chipu, bima ipo. Ndiyo maana nauliza habari ya haki. Chihuahua wa jirani kashang'ata watu na hakuna aliyempima bega.

Mzee_Coventry: Mimi nagawa barua huku, mwaka wa ngapi sijui. Vijimbwa vidogo vimenirarua suruali mpaka mke wangu anashona kwa hasira. Lakini kijimbwa unakitingisha mguu kinaachia. Hilo dubwana likikamata, unasubiri lenyewe liamue. Sheria ibaki. Tena wangeongeza na wenye mbwa.

DktMifugo: Mzee wangu, nakuheshimu, ila orodha haikumzuia huyu. 1991 walitaja wanne: Pit Bull, Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Wafugaji wa Marekani wakachukua damu ya Pit Bull, wakaichanganya, wakaikuza, akatoka mbwa ambaye hayumo kwenye orodha. Ukimtaja huyu watatengeneza mwingine. Uholanzi iliweka katazo la Pit Bull 1993, ikalifuta 2008 kwa kuona halipunguzi kung'atwa. RSPCA, shirika la kutetea wanyama la huko, wenyewe hawaipendi sheria ya aina. Na kwetu nyumbani, koko asiye na aina ndiye anayeua watu, kwa kichaa cha mbwa. Hadi asilimia 99 ya binadamu wanaopata kichaa wanakipata kwa mbwa. Pale dawa ni chanjo, siyo rula.

Mzee_Coventry: Njoo unisaidie kugawa barua wiki moja, halafu utaniambia habari za Uholanzi.

Kiparo: Mgosi, cheti kina jina la nani?

Mgosi_Baridini: Jina lina uhusiano gani na swali?

Kiparo: Lina uhusiano wote.

Mgosi_Baridini: La jamaa yangu. Alipata kazi Muscat mwezi wa saba 2024, akaniachia Chapati na makaratasi yote. Ningemwacha barabarani? Alilia mlangoni siku mbili. Mbwa, siyo jamaa. Ninyi mngefanyaje?

DktMifugo: Hapo ndipo uliponasa. Cheti hakihami kama kadi ya gari. Kubadilisha mwangalizi ni kwa kifo au ugonjwa mzito wa mwenyewe, na kupitia mahakama. Na alipokupa, kukupa kwenyewe kulikuwa kosa.

SukariGuru: Samahani kwa kuingilia msiba. Nimepitia nyuzi zake. Februari mwaka jana akaunti hii hii iliuliza mchele wa Mbeya unapatikana wapi MUSCAT. Leo yuko Leicester na dubwana. Wakuu, chai hii, tena ya tangawizi.

Chogo_wa_Tabata: Nileteeni na kitumbua.

MamaNassor: Na mimi nilishaanza kumwombea dua!

Mgosi_Baridini: Siyo chai. Akaunti ilikuwa ya huyo jamaa. Aliniachia na yenyewe, kasema haitumii tena.

SukariGuru: Yaani umerithi mbwa na nywila siku moja? Mwenye akaunti yu hai?

Kiparo: Picha basi.

Mgosi_Baridini: Niweke picha ya mbwa wa marufuku mtandaoni? Mnaniona mjinga? Sikilizeni, mimi nimeshaamua. Jumamosi gari linampeleka Glasgow kwa binamu yangu, nusu nimelipa. Scotland wana bunge lao na sheria zao. Nilitaka tu kujua kama naweza kupinga ili baadaye arudi.

Mzee_Coventry: Kwa hiyo ulikuwa unatuuliza njia huku umeshapanda basi.

DktMifugo: Iwe chai iwe kweli, kuna mwingine atasoma hapa na yake ni kweli. Scotland wana bunge lao, na serikali yao ilifuata: tangu 1 Agosti 2024 huko nako bila msamaha ni kosa. Kumpeleka ni kumgawa kwa mara ya pili na kumponza binamu. Usimsogeze. Tafuta wakili wa kesi za mbwa kabla polisi hawajabisha hodi. Mahakama inaweza kumwacha hai ikiridhika kwamba mbwa hana hatari na wewe unafaa kuwa naye.

Mgosi_Baridini: Nusu ya gari hairudishwi.

Kiparo: Na huyo binamu anasemaje? Kashajiandaa?

SukariGuru: Au naye ana akaunti humu?

Mgosi_Baridini: Anayo. Anajua nakuja kusalimia tu.